Vipindi vya nyumba na sayansi kwenye TV: katikati ya kazi wameipeleka wapi?

FundiWaMajengo (mwanzisha uzi)

Masalkheri jamaa.

Mimi natengeneza TV, kibanda changu kiko Majengo, Mombasa. Kazi hii ina siri moja: fundi wa TV hutazama vipindi vingi kuliko mtu yeyote mjini, na hamalizi hata kimoja. Ukishabadilisha kapasita, TV lazima iachwe ikiwaka saa mbili tatu uone kama itazima tena. Sasa uweke nini? Ukiweka mpira, vijana wanaziba mlango. Ukiweka tamthilia, mama aliyekuja kuchukua pasi yake anakaa mpaka adhana ya magharibi. Mimi huweka vipindi vya nyumba na vya sayansi, maana hivyo havijazi mtu. Ni zaidi ya miaka ishirini naviweka, nainua macho kutoka kwenye lehemu, nayarudisha. Na leo nimekuja kulalamika.

Kipindi cha nyumba cha siku hizi ukikijua kimoja umevijua vyote. Mume na mke wanaingia nyumba mbovu, mke anaziba mdomo kwa mkono. Nyundo inaletwa, ukuta wa jikoni unavunjwa (sijui ukuta wa jikoni uliwakosea nini hawa watu, kila siku ni huo). Matangazo. Simu inalia: kuna tatizo, pesa hazitoshi. Matangazo. Wakirudi wanakuhadithia upya yale uliyoyaona dakika tano nyuma. Halafu picha zinakimbizwa, mafundi wanapita kama siafu waliomwagiwa maji, mlango unafunguliwa, kilio, na juu ya kitanda kuna mito kumi na miwili. Kwisha.

Nauliza: ule ukuta ulipoangushwa, dari ilishikwa na nini? Iliwekwa boriti gani, ya unene gani, ikalazwa juu ya nini? Hayo ndiyo niliyokuwa nayataka, na hayo ndiyo waliyoyakimbiza.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa seremala. Nyumbani tulikuwa na TV ndogo ya nyeusi na nyeupe, ya kuwashwa kwa betri ya gari. KBC wakionyesha zile filamu za Kijerumani za viwandani, alikuwa akisogeza kiti. Kiingereza cha msimulizi hakikumfika hata kidogo. Alikuwa akifuata mikono. Kuna siku walionyesha mtu anaunga mbao bila msumari, polepole, kamera imetulia palepale, na kesho yake baba alikuwa karakanani anajaribu kiungo kile. Cha kwanza kikapasuka, cha pili kikalegea, cha tatu kimo kwenye kabati la dada yangu mpaka leo.

Juzi nimekuwa natafuta vya zamani YouTube. Kuna kile cha Marekani, This Old House, kilianza 1979 kwenye stesheni ya umma ya Boston. Msimu wa kwanza mzima, vipindi 13, ni nyumba moja tu. Leo nyumba moja inamalizwa kabla mchele haujaiva. Seremala wao, Norm Abram, baadaye akapewa kipindi chake cha karakana, 1989 mpaka 2009: samani moja au mbili kwa kipindi, na kabla ya kuwasha mashine anakukumbusha uvae miwani. Hakuna anayelia. Nilikaa nikatazama jamaa anapiga randa, mteja akaniita mara tatu.

Lakini upande wa sayansi ndiko kunakoniuma. Binti yangu alipokuwa shule ya msingi alikuja mbio: "Baba, nguva, wale nusu mtu nusu samaki, wapo kweli, nimewaona kwenye TV, wataalamu wamesema." Kumbe ni ile filamu ya Animal Planet ya 2012, Mermaids: The Body Found. Wataalamu ni waigizaji, video ni za kutengenezwa, na maelezo ya kusema hivyo yanapita mwishoni haraka kama mwizi. Ilibidi idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mambo ya bahari itoe tamko kwamba hakuna ushahidi wowote wa watu wa majini. Mwaka uliofuata Discovery wakaleta papa megalodoni eti bado yu hai, mnyama aliyekwisha duniani zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mtindo uleule, waigizaji wengine wa kujifanya madaktari wa samaki.

Sasa sisi watu wa pwani nguva tunaye. Mnyama mnene, mpole, ananyonyesha mtoto, anakula nyasi za baharini. Huku Kenya wamebaki wachache mno, wanaonekana kwa nadra upande wa Lamu na Kiunga. Mwanangu alimjua nguva wa uongo kabla ya nguva wa kweli, na bahari iko hapo chini tu.

Ni mimi nimezeeka, au na nyinyi mnaona?

Kahawa_Tungu

Fundi, kabla ya mengine, TV yangu iko kwako tangu Rajabu. Kumbe ndiyo unayoitazamia nguva.

Halafu nguva wa TV ana kiuno. Nguva wa Kiunga ana tumbo kama gunia la mchele la kilo tisini na masharubu. Ungekuwa wewe mwenye stesheni ungemwonyesha yupi?

FundiWaMajengo

Yako inangoja bodi, nilikwambia. Na hiyo yako haina hata sauti, naitazamia nini.

DogoBamburi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, TV ishakufa, mnaliombolea jeneza. Nani leo anakaa kungoja saa mbili na nusu usiku kipindi kianze? Mimi kuweka vigae nimejifunza YouTube kwa fundi wa Kihindi anayeongea Kihindi kitupu. Sikuelewa neno. Nilisimamisha, nikarudisha, nikatazama anavyopaka gundi kwa ule mwiko wenye meno, pembe anayoushikia, anavyogonga kigae na kusikiliza mlio. Msalani kwetu nimeweka mwenyewe. Viwili vimelia tupu, nikaving'oa, nikarudia.

Na si kweli kwamba Discovery yote ilikuwa takataka. MythBusters, ile ya kupima uvumi kwa majaribio, ilienda 2003 mpaka 2016. Adam Savage na Jamie Hyneman hawakuwa hata wanasayansi, walikuwa mafundi wa vioja vya sinema. Lakini walikuwa wanakosea mbele yako! Mtambo unaharibika, wanakuna kichwa, wanapima upya. Nilipokuwa kidato cha kwanza, neno "jaribio" nilielewa kwao, si darasani. Darasani tulinakili ubaoni: lengo, vifaa, utaratibu, matokeo. Matokeo tuliyajua kabla ya kuanza.

FundiWaMajengo

Marahaba mwanangu. Hujanipinga, umeniunga mkono bila kujua. Ulijifunza vigae kwa sababu yule Mhindi hakuikata katikati.

Ila nina swali. Huyo wa YouTube akikufundisha makosa, unamjuaje? Kuna mmoja nilimwona anaonyesha watu kuunganisha waya wa jiko la umeme na ule mwembamba wa taa. Maoni chini: "asante sana bro". Ile stesheni ya Boston ilikuwa na jina la kuharibika.

Bi_Kibokoni

Hamjambo wote. Mimi huwa nasoma tu, lakini uzi huu umenigusa nyumbani, tena nyumbani kwenyewe.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, ya babu wa babu. Kuta za matumbawe na chokaa, unene wake mtoto alala dirishani. Vyumba virefu vyembamba, na kwa asiyejua sababu: dari yashikwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi boriti ndefu, kwa hivyo upana wa chumba ni urefu wa mti. Babu zetu hawakupenda vyumba vyembamba, mti ndio ulioamua.

Miaka minane sasa, tulipata urithi kidogo tukaamua kuitengeneza. Mtoto wa ndugu yangu, ameshiba hivyo vipindi, akaja na picha kwenye simu. Ukuta mmoja wa rangi ya kiza, dari ya jipsamu yenye vitaa vidogo, zote nyororo kama kioo. Akatuletea na fundi wake. Wakakwangua neru yote ya zamani, ule upako laini wa chokaa, wakapiga plasta ya simiti kila pembe, wakapaka rangi ya mafuta juu. Wiki tatu. Wallahi ilipendeza. Tukapiga picha, kabla na baada, kama kwenye TV. Watu wakaja kuangalia, tukawapa sharbati.

Masika ya kwanza ukuta ukaanza kutoka jasho. Masika ya pili rangi ikafura mapovu, ukiyatumbua yatoka unga mweupe wa chumvi. Mwaka wa tatu plasta ikaanguka pande zima usiku, ikavunja kabati la vyombo vya bibi. Nikadhani nyumba yaanguka. Na harufu ya uvundo, hata udi hauifuti.

Tukamtafuta mwashi mzee, wale wachache waliobaki wenye kujua chokaa. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza hatua kwa hatua mpaka mwisho wa chumba, akasema, "Huu mmeuvisha koti la mvua na ndani umelowa." Akanieleza, na nataka niwaeleze kama alivyonieleza. Jiwe la tumbawe lina vitundu, hunyonya maji kutoka chini na kutoka hewani. Maji hayo hayana ubaya ilmuradi yapate pa kutokea. Chokaa huyaachia polepole yakauka. Simiti huyafungia. Yakifungiwa, chumvi iliyomo ndani yagandia nyuma ya plasta, yafura, yaisukuma. Plasta haikuanguka kwa ubaya wa fundi kupiga. Aliipiga vizuri sana. Ndiyo maana ilibeba na uso wa jiwe.

Dawa yake? Kuondoa simiti yote, na hapo polepole, maana ukitumia nguvu wavunja jiwe. Kuacha kuta wazi zikauke. Hapo tulikaa miezi, mwanangu, miezi, na kuta uchi, wageni twawapokelea barazani. Chokaa ikalowekwa kwenye mapipa ikalala wiki kadha wa kadha, kila nikimuuliza mzee "bado?", aniambia "bado". Kisha tabaka kwa tabaka, kila moja aipa siku zake, ainyunyizia maji isikauke upesi. Mwisho neru.

Sasa niambieni, TV gani itaonyesha pipa la chokaa limelala wiki sita? Lakini kazi yote ilikuwa mle pipani.

Kahawa_Tungu

Bi Kibokoni pole na vyombo vya bibi. Huyo mtoto wa ndugu yako bado anaruhusiwa kushika simu?

Bi_Kibokoni

Amejenga kwake Mtwapa. Kuta nyeusi zote nne.

MwalimuMstaafu

Bi Kibokoni umenifurahisha. Nimefundisha kemia miaka 31, na somo la chokaa nililifundisha kila mwaka kwa chaki, na chaki na chokaa ni ndugu.

Ongezeni hili kwenye maelezo ya yule mwashi. Tumbawe ni kalsiamu kabonati. Likichomwa tanuruni, kwenye joto la nyuzi 900 hivi, latoa gesi ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa kali. Ukiitia maji inachemka yenyewe bila moto, na ndiyo maana wazee walikuwa wakiwafukuza watoto karibu na shimo. Halafu ukishaipaka ukutani, kazi yake ni kuivuta tena ile gesi iliyopotea tanuruni, kutoka hewani, kidogo kidogo, mpaka inarudi kuwa jiwe lilelile. Kwa hiyo ukuta wa Kibokoni ni tumbawe lililosafirishwa mviringo mzima likarudi pale pale. Hiyo ni sayansi na ni ujenzi, na ingetosha kwa saa nzima ya TV bila mtu kulia.

Fundi amelalamikia nguva. Mimi nalalamikia Ngomeni.

Ngomeni iko kaskazini ya Malindi. Miaka ya sitini Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini pale, San Marco, na mwezi wa Aprili 1967 wakarusha setilaiti yao kutoka juu ya maji. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya kujitawala, ikarushwa kutoka jukwaa hilohilo setilaiti ndogo ya NASA ya kupima eksirei zinazotoka kwenye nyota. Wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili! Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi hiyo peke yake. Eksirei za nyota hazipenyi hewa yetu, lazima upande juu kuzipima. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na vipimo vyake juu ya chanzo kimoja kiitwacho Cygnus X-1 ni miongoni mwa vilivyowafanya watu waanze kuamini kwamba shimo jeusi si hesabu ya vitabuni tu. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile alipata Nobeli 2002.

Na kwa nini pwani yetu? Kwa sababu karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, roketi inapata msukumo wa bure. Na mashariki ni maji matupu, ikianguka haimwangukii mtu.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha nne, wengine kwao ni Malindi hasa: Uhuru ilirushwa wapi? Mmoja akajibu Florida. Nilimtazama sana yule kijana. Hakuwa na kosa, alikuwa akitazama TV.

Dogo, wewe umesema uko Bamburi. Unajua mivinje ya Haller Park ilivyoota?

DogoBamburi

Shikamoo mwalimu. Najua pale ni pa Owen na Mzee. Kiboko na kobe. Tulipelekwa na shule.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Haya ndiyo niliyokuwa nayangojea.

Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo, akamganda kobe mzee. Dunia nzima ikapiga picha. Ni hadithi nzuri, sina ugomvi na kobe. Lakini pale walipokuwa wamelala Owen na Mzee palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya simiti, jiwe jeupe tupu, chumvi, jua, hata jani hakuna. Mwaka 1971 Rene Haller akaanza kupanda. Akajaribu miti ya aina nyingi, mingi ikafa. Mvinje ukashika, kwa sababu mizizi yake ina vijidudu vinavyoupa naitrojeni kutoka hewani. Sasa tatizo jipya: majani ya mvinje yakaanguka yakalala, hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Unajua nani aliyeyaozesha? Jongoo. Wale wekundu wa miguu, tunaowaruka wakati wa mvua. Waliletwa, wakala majani, wakanya udongo. Msitu mzima umesimama juu ya mavi ya jongoo.

Kipindi kikaonyesha kobe. Jongoo hakukumbatia mtu, hakupata nafasi.

Kahawa_Tungu

Mwalimu, nilikuwa nakula.

KameraMoja

Ngoja niwatetee wenye stesheni kidogo, maana mimi nimeshika kamera, harusi nyingi na vipindi vichache.

Mnataka kamera ikae na pipa la chokaa wiki sita. Nani atailipa kamera? Siku moja ya kurekodi ni mpiga picha, mtu wa sauti, gari, chakula, na mwongozaji anayenuna. Kipindi cha siku mbili kina bei inayojulikana. Kipindi cha miezi mitano hakina bei, kina maombi. Ndiyo maana mtindo wa siku mbili ulishinda. BBC walianza Changing Rooms 1996, majirani wanabadilishana vyumba, bajeti ya pauni 500. Wamarekani wakaiga 2000 kwa Trading Spaces, dola 1,000, siku mbili. Na ilionyeshwa na chaneli gani? TLC. Mnajua TLC ilikuwa nini? Ilianza 1972, NASA na wizara ya afya na elimu ya Marekani, kupeleka masomo kwa setilaiti kwa watu wa milima ya Appalachia. Herufi L katikati ilikuwa ya "Learning", yaani kujifunza. Discovery waliinunua 1991. Leo ukiiwasha utaona harusi na keki.

Kwenye hiyo ya BBC kuna siku mbunifu alitundika rafu za kuning'inia, akapanga juu yake mabirika ya kale ya mwenye nyumba, usiku rafu zikashuka na mabirika yote. Hicho ndicho kipande watu wanachokikumbuka mpaka leo. Hakuna anayekumbuka chumba kilichosimama.

Hata kuchagua nyumba ni maigizo. Mwaka 2012 mama mmoja aliyetokea kwenye House Hunters alieleza kwamba nyumba "aliyokuwa akiitafuta" alikuwa ameshainunua. Wenye kipindi wakajibu kwamba muda ni mfupi, huanza na watu waliokwisha piga hatua. Na kusema kweli nawaelewa.

Kwetu hapa ni zaidi. Tangu mitambo ya zamani izimwe 2015 tukahamia ving'amuzi, chaneli zimekuwa utitiri, lakini mwenye kutangaza sabuni ni yuleyule na mfuko wake ni uleule. Umegawanywa vipande. Kipande kimoja hakinunui wiki sita za chokaa. Kinanunua watu wanne mezani wanaongea siasa. Na vile vinavyoitwa vya nyumba, tazameni vizuri: ni nyumba za kuuzwa. Wanakuonyesha geti, wanakuonyesha bwawa, wanakupa namba ya simu.

MamaWatatu

Naona wanaume mmeshika uzi mnalilia ya kale. Nami niseme mbili.

Kwanza, hivyo vya zamani vyenu mwanamke alikuwa anaingia kuchagua rangi ya pazia tu. Na karakana ya huyo Norm ina mashine zinazojaza nyumba yangu nzima. Baba yake fundi alikuwa na randa, msumeno na patasi. Angefuata nini pale?

Pili, vizuri vipo, ila si vya watu wazima. Ubongo Kids, ya Dar es Salaam, ilianza 2014, hesabu na sayansi kwa Kiswahili, nyimbo ndani. Mwanangu wa pili alikuwa amekwama kwenye sehemu, nusu na robo, mwalimu amechoka, mimi nimechoka, mnyama wa katuni akamfungua. Na 2020, shule zilipofungwa kwa korona, Akili Kids ilikuwa ndiyo kwanza imeingia hewani. Ilituokoa, bure, bila kulipia kifurushi.

Na wakulima wana Shamba Shape Up tangu 2012. Mtu anaenda kwa mkulima kweli, ng'ombe kweli, mahindi yana ugonjwa kweli. Kwa hiyo ile hoja ya kaka wa kamera kwamba haiwezekani, mimi siikubali. Inawezekana kwa ng'ombe, kwa nini isiwezekane kwa ukuta?

KameraMoja

Dada, kwa ng'ombe kuna mfadhili na muuza dawa za mifugo. Ukuta wa chokaa nani anauza? Mwenye simiti ndiye mwenye pesa za matangazo, na Bi Kibokoni ameshatueleza simiti imemfanya nini.

MamaWatatu

Hapo umenikamata.

FundiWaMajengo

Mama Watatu, kuhusu mashine una haki. Baba alikuwa akizicheka hizo mashine, akisema "huyu si seremala, ana kiwanda". Lakini kiungo ni kiungo. Alikitoa kwenye mashine akakiweka kwenye patasi. Huwezi kufanya hivyo kwa kitu ambacho hukuonyeshwa.

Na la mwanamke umesema kweli, sina jibu.

MwikoNaTimazi

Mimi mwashi wa Kisauni. Naongeza jambo moja halafu nirudi kazini.

Mteja anakuja na simu ana picha ya slabu inayoning'inia bila nguzo, ameiona kwenye TV. Namuuliza nondo ngapi, anasema hakuonyeshwa. Namuuliza mchanga wa wapi, anasema ule wa pwani ni bure. Jamani mchanga wa bahari una chumvi. Zege zuri humlinda nondo asishike kutu, chumvi huingia na kumvua ule ulinzi. Nondo akishika kutu huvimba, kutu huchukua nafasi mara mbili mpaka sita ya chuma chenyewe, na zege halina pa kwenda, linapasuka. Ndiyo zile dari mnaona zimetoa mbavu nje. Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi, hutakiwi kuiongezea.

Hilo kwenye kipindi ni sekunde mbili: lori la mchanga linamwagwa, muziki. Mchanga wa wapi? Kimya.

Bi_Kibokoni

Fundi wa Kisauni, wafanya na chokaa?

MwikoNaTimazi

Chokaa ya kupaka nafanya. Ya kuloweka kama ya yule mzee wako, hapana Bi. Marehemu mjomba alijua. Nilikuwa namshikia ndoo, sikuuliza.

Bi_Kibokoni

Yule mzee bado yu hai, na nina chumba cha juu hakijafanywa. Akianza nitakutumia habari. Njoo ushike ndoo tena. Na KameraMoja, ukitaka uje nawe, chai ipo. Pesa sina.

KameraMoja

Nitakuja Jumapili ambazo sina harusi. Yaani Jumapili nne kwa mwaka.

Kahawa_Tungu

Mzee akiloweka Jumapili moja, akikaa mpaka Jumapili yako ya pili, hapo chokaa itakuwa imeiva. Mungu amepanga.

DogoBamburi

Mzee fundi, samahani natoka nje ya mada. Nimekaa hapa natukana TV usiku kucha, kumbe ya mama yetu imezima jioni hii. Sauti inatoka, picha hakuna, kioo cheusi tu. Ni ya LED. Mama amekasirika maana tamthilia yake iko saa tatu. Imekufa?

FundiWaMajengo

Haijafa, ngoja. Zima taa ya chumba. TV iache ikiwaka, chaneli yoyote. Washa tochi ya simu, isogeze karibu kabisa na kioo, uilaze kwa pembeni isikupige machoni, uipitishe polepole. Tazama kama kuna kitu kinatembea ndani.

Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima, zilizokufa ni taa za nyuma. Hizo ni vitaa vidogo vilivyopangwa kwenye vipande na kuungwa mfululizo, kama zile taa za harusi za zamani: kimoja kikikatika, vyote vinazimika. Kazi ni kukitafuta hicho kimoja. Usiifungue mwenyewe hata kama yule Mhindi amekuonyesha, ndani kuna kapasita zinabaki na moto hata ukishachomoa.

DogoBamburi

Nimefanya. Kuna mwanamke anasoma taarifa ya habari gizani.

FundiWaMajengo

Basi kioo kizima. Ilete kesho kabla ya adhuhuri. Na kwenye bodaboda isimamishe, usiilaze kifudifudi.

Kahawa_Tungu

Na ukifika, uliza iliyo pembeni imeletwa lini. Ni yangu.